Joho la Nchi ya Mvua

Swali langu lilikuwa moja tu: hiyo hariri wanaitoa wapi?

Niliuliza nikiwa na pini tatu mdomoni, kwa hiyo huenda lilitoka kwa ukali zaidi kuliko nilivyotaka. Wino alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, daftari mapajani, akinisomea mchezo wake wa kuigiza huku mimi nikipunguza urefu wa suruali ya mtu. Alikuwa amefika pale ambapo msichana mchunga kondoo anatoka nje asubuhi, mvuani, hariri yake ikipepea.

"Mama mdogo, hii ni nchi ya kubuni," alisema. "Haipo."

"Nimesikia haipo. Nauliza hariri inatoka wapi."

"Wanayo tu."

"Wanayo tu! Nchi ina mvua miezi tisa, na umesema mwenyewe haina mti unaozidi goti. Uzi wa hariri unatoka kwa viwavi, na viwavi wanakula majani ya miti. Hao wako wanakula nini, mawe?"

"Basi mahameli."

"Mahameli ikilowa ni sawa na kubeba mtu mgongoni. Halafu huyo mchunga kondoo kapata wapi uwezo wa kununua mahameli? Mimi nina miaka ishirini na sita kwenye cherehani na sina hata kiraka cha mahameli."

Akafunga daftari. Hapo nikajua nimekosea. Swali lilikuwa sawa, ila wakati wake haukuwa huo, maana jana yake tu mtoto huyu alikuwa ameshavunjwa moyo na mtu mwingine.

Wino ni binti wa dada yangu. Jina hilo alipewa shuleni kwa sababu ya vidole vyake, ambavyo havikuwahi kuwa safi. Alikuwa akiandika kwenye madaftari, kwenye karatasi za kufungia sukari, kwenye kiganja chake mwenyewe. Dada yangu alipofariki, miaka miwili iliyopita, Wino alihamia kwangu na kalamu akaiacha huko huko. Hakuandika hata barua ya kuomba ruhusa. Kila nilipomwangalia akila, vidole vyake vilikuwa vyeupe kama vya mtu wa kufua, na nawaambia ukweli, vidole vile viliniuma kuliko msiba wenyewe.

Kisha, miezi mitatu nyuma, niliona doa la buluu kwenye kidole chake cha shahada. Niliingia chooni nikalia kwa furaha, nikanawa uso, nikatoka nikamgombeza kwa kuacha taa inawaka.

Doa hilo ndilo lililozaa mchezo wa nchi ya mvua. Wino alijiunga na kikundi cha waigizaji wa mtaani kwetu, watu wanaotoka kazini na kukutana kwenye ukumbi ulio nyuma ya posta. Kiongozi wao ni Mwalimu, aliyestaafu baada ya kufundisha jiografia miaka thelathini. Kwa miaka tisa mfululizo kikundi hicho kimekuwa kikionyesha mchezo ule ule wa mwizi na bawabu. Mwizi sasa ana mvi na hawezi tena kuruka ukuta, anazunguka. Mwaka huu Mwalimu alikubali kujaribu kitu kipya, akasoma mchezo wa Wino mbele ya wote, kisha akavua miwani.

"Lugha yako inameremeta, binti," alimwambia. "Ila nchi yenyewe siioni. Nikifumba macho naona jukwaa letu tu na mapazia yake mabovu."

Akatoa sharti. Jumamosi ya wiki ya pili majirani wangeitwa bure kutazama mazoezi. Wakikaa hadi mwisho, mchezo ungeonyeshwa msimu mzima. Wakianza kutoka mmoja mmoja, basi ni mwizi na bawabu kwa mwaka wa kumi.

"Wakitoka, siandiki tena," Wino aliniambia usiku ule tukiosha vyombo. Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja siku ya kulipa umeme. "Nimejaribu, mama mdogo. Imetosha."

Mimi kuandika sijui. Ninachokijua ni kitambaa. Kwa hiyo alipofunga daftari pale kwenye benchi langu, nilitema pini, nikakata kipande cha karatasi ya kaki tunayochorea ruwaza za kukatia nguo, nikakitandaza mezani na kumpa chaki.

"Haya. Hiyo nchi ina nini?"

"Mama mdogo, nina kazi."

"Kazi yako ni hii. Ina nini?"

Akashusha pumzi. "Mvua. Ukungu. Mlima. Kondoo."

"Jua?"

"Siku arobaini kwa mwaka."

"Pamba, futa. Pamba ikipasuka inataka jua. Ikinyeshewa inaoza shambani. Ngozi?"

"Wawindaji wanavaa ngozi."

"Ngozi isiyotunzwa, ikilowa na kukauka mara kumi, inakuwa ubao. Mwindaji wako atakuwa anatembea kama meza."

Alicheka kidogo, kwa pua. Nikajifanya sikusikia.

"Imebaki sufu," nikasema. "Najua inawasha. Lakini sufu hata ikilowa inatunza joto, na kondoo wapo tayari, umewaandika mwenyewe. Nyumba moja ina kondoo wangapi?"

"Wanne."

Nikapiga hesabu kwa chaki. Sijawahi kunyoa kondoo maishani mwangu, nilikisia tu kwa uso mkavu. "Sufu ya kondoo wanne kwa mwaka, ukitoa ya soksi na ya kofia, inatoa joho moja la mtu mzima."

"Moja tu?"

"Moja. Hao si matajiri."

"Na nyumba ina watoto wawili." Sasa alikuwa ameinama juu ya karatasi. "Nani anapata?"

"Unaniuliza mimi? Mzaliwa wa kwanza, nani mwingine!"

Nilisema kwa uchungu hata mwenyewe nikashtuka. Mimi ni kitinda mimba. Nimekua ndani ya nguo za dada. Sare yake ya shule ikawa sare yangu, sweta yake ikawa sweta yangu ikiwa na viwiko vya kutobokatoboka, hata gauni nililovaa siku ya kwanza kanisani na mimi nikajiona mrembo, watu walisema, "Ah, lile la dada yako." Nilipofika miaka kumi na minne niliapa kwamba siku moja nitavaa kitambaa kilichokatwa dukani kwa ajili yangu. Ndiyo maana nikajifunza ushonaji. Nilimpenda dada yangu kupita maelezo, lakini kinyongo cha nguo zile sikuwahi kukimaliza. Na sasa gauni lake la mwisho, la pamba, rangi ya udongo, lilikuwa limening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba changu cha kazi, ndani ya mfuko wa nailoni. Wino akiingia huwa anaangalia upande mwingine.

Tuliendelea hivyo siku tatu. Nani anasokota uzi? Rangi wanaipata wapi? (Hakuna rangi, nchi nzima inavaa kijivu na kahawia, rangi za kondoo.) Vifungo? (Mfupa.) Kila nilipouliza, Wino alikasirika, kisha akaandika. Mchezo ukabadilika. Ulikuwa unahusu msichana ambaye dada yake alivuka mlima kwenda kutafuta kazi na hakurudi, naye anakaa akimsubiri. Ila mwisho wake Wino hakuuweza. Aliandika dada anarudi, akafuta. Aliandika barua inafika, akafuta. Sikumuuliza kwa nini. Nilijua.

Sufu mpya hatukuwa na uwezo nayo, wala sijui kama mji wetu unayo. Lakini Muuguzi, mwembamba mfupi anayeigiza yule msichana, alisikia kwamba shule moja ya bweni inauza mablanketi yake ya zamani kwa bei ya kutupa, kwa sababu yametobolewa na wadudu nondo. Tukayaleta kumi na mawili, ya kijivu, sufu tupu. Yalinuka kabati la miaka.

Hapo ndipo aibu yangu inapoanza. Ukutani kwangu, juu ya meza ya kukatia, nimeandika kwa chaki na kuyapaka vanishi maneno haya: ROWEKA, KAUSHA, PIGA PASI, NDIPO UKATE. Kitambaa kisicholoweshwa kinakudanganya kimo chake. Ukikikata kikavu kitakuumbua siku ya kwanza ya kufuliwa. Kila mwanagenzi aliyepita mikononi mwangu ameyasoma maneno hayo kwa sauti asubuhi na jioni, na aliyeyavunja nilimpa vidonge vyake mpaka akalia. Sasa Mwalimu akaja na habari kwamba ukumbi Jumamosi umechukuliwa na mkutano wa mafundi umeme, kwa hiyo mazoezi ya wazi yatakuwa Alhamisi. Blanketi la sufu linachukua siku mbili kukauka kwenye kamba yangu. Sikuwa nazo.

Nilikata kavu. Nilikata nikiwa nimeupa ukuta mgongo.

Kufikia Jumanne asubuhi majoho tisa yalikuwa tayari, yamepimwa mtu kwa mtu, na yalipendeza, nisitie chumvi wala nisitoe. Kinyozi, ambaye ni pande la mtu na anaigiza mlinda njia wa mlimani, alivaa la kwake akasimama mbele ya kioo akijigeuza. Kisha akajikuna shingo. Akajikuna ubavu.

"Fundi," alisema taratibu, "humu mna wenyeji."

"Wenyeji gani?"

"Kunguni."

Hapakuwa na kunguni hata mmoja, ni sufu tu ilikuwa inamwasha. Lakini neno kunguni likishatamkwa chumbani halina dawa. Mama Mikate, mwanamke mrefu mwenye tanuri la mikate, alianza kujikuna. Mwizi mwenye mvi alivua lake na kulitupa sakafuni. Dakika tano baadaye waigizaji tisa walikuwa wanajikuna, na mimi pia, jamani, mimi mwenyewe nilikuwa najikuna.

Nikakusanya majoho yote na kumpelekea Dobi. "Chemsha," nikamwambia. "Chemsha mpaka wafe."

Mimi ni fundi wa pamba. Pamba unaichemsha, unaipigapiga, unaisuuza kwa maji baridi, inatoka inacheka. Maisha yangu yote sijawahi kufua sufu.

Dobi alirudi Jumatano kabla ya adhuhuri akiwa na kapu begani, majoho ameyakausha usiku kucha juu ya bomba lake la moto. "Wamekufa wote," alisema kwa fahari, akaondoka.

Nililitoa joho la kwanza. Nikadhani Dobi amechanganya na nguo za watoto. Nikatoa la pili. Nikatafuta lebo niliyoshona kwenye ukosi: KINYOZI. Joho la Kinyozi, lililokuwa likimfikia vifundoni, lilikuwa limebaki kimo cha msichana. La Muuguzi ungeweza kumvisha mtoto wa chekechea. Yote yalikuwa yamejikunja ndani yake, mazito, yamevimba, nyuzi zimeshikana hata huoni zilivyofumwa. Nilikaa chini sakafuni, kwenye vipande vya nyuzi, nikaangalia maneno yangu ukutani, na machozi yakanitoka. Sikulia kwa ajili ya majoho. Nililia kwa sababu kesho saa kumi mtoto wa dada yangu angesimama mbele ya majirani akiwa na waigizaji waliovaa fulana na jinzi, majirani wangetoka mmoja mmoja, na vidole vyake vingerudi kuwa vyeupe. Na mkono uliofanya hivyo ungekuwa wangu.

Wino alinikuta hapo hapo chini.

"Nimekuharibia," nikamwambia. Sikutafuta namna ya kulipamba. "Nilikata kavu, halafu nikachemsha. Nimekuharibia kila kitu."

Aliokota joho moja, akalinyoosha mbele yake, akalipima kwa macho. Akaangalia ukosi.

"Hili lilikuwa la Kinyozi?"

"Lilikuwa."

Akaingiza mkono mmoja, kisha wa pili, akafunga kifungo cha mfupa cha juu. Lilimkaa kama nimempima yeye. Akasimama hivyo, mikono mifukoni, akitazama nje kwenye barabara ambako mtu alikuwa anaosha pikipiki. Kisha akaanza kucheka. Si kile cha pua. Alicheka mpaka akashika meza ya kukatia, mpaka na mimi nikaanza kucheka na makamasi yangu, bila kujua kinachochekesha.

"Mama mdogo," alisema alipopata pumzi, "kule mvua inanyesha miezi tisa."

"Ndiyo."

"Na nguo zao ni za sufu."

"Ndiyo."

"Basi zingefanyaje?"

Nikaliangalia joho. "Zingepungua," nikasema. "Kila msimu. Si ghafla hivi, lakini kidogo kidogo, zinalowa, zinakauka motoni, watu wanatembea nazo, zinajikaza."

"Kwa hiyo mzaliwa wa kwanza anapewa joho kubwa kuliko yeye, linaburuta. Mwaka wa kwanza linaburuta. Mwaka wa tatu linamtosha. Mwaka wa sita linambana."

"Anampa mdogo wake."

"Anampa mdogo wake!" Alikuwa ameshanyakua chaki. "Hakuna nguo inayotupwa. Joho moja kwa mwaka, nyumba nzima inavaa. Hesabu yako ilikuwa haikamiliki, ndiyo maana. Ilikuwa inakosa hii."

Nikainuka, kwa sababu kuna kitu mkono wangu ulikuwa umekihisi kabla ya akili. Nilichukua kikombe cha maji ya kunyunyizia pasi, nikamimina kwenye mkono wa joho alilovaa. Maji yalikaa juu, yakajikusanya, yakateleza hadi sakafuni. Nikasugua kwa kidole: ndani kukavu. Joho jipya lisingeweza hilo. Jipya lilikuwa na matundu, lingekunywa maji yote. Hili lililopungua lilikuwa limeshikana mpaka upepo usingepita.

"La mdogo ndilo linalozuia mvua," nikasema.

Wino aliniangalia. Nadhani aliona kitu usoni mwangu, kwa sababu aliacha kuandika. Nilikuwa namfikiria dada yangu akiwa na miaka kumi na mitano, amekaa kitandani, akishona kiraka kwenye kiwiko cha ile sweta kabla ya kunipa. Alikuwa akishona macho yamemtoka, ulimi nje, hajui kushona hata kidogo. Viraka viwili, kimoja juu ya kingine. Mahali palipokuwa pazito kuliko pote katika sweta ile ni pale alipopashona yeye. Miaka arobaini nimekaa na kinyongo, na sikuwahi kuliona hilo.

"Unalia tena?" Wino aliuliza.

"Ni vumbi la sufu. Andika."

Aliandika mchana kutwa, pale pale kwenye benchi, na mimi nilishona. Yalikuwa yamebaki mablanketi matatu. La kwanza nikalikata joho kubwa la Kinyozi, linaloburuta, maana sasa alikuwa mzaliwa wa kwanza wa nchi nzima. Mawili nikayakata sawasawa kabisa, ruwaza moja, kimo cha Mama Mikate, ambaye anaigiza dada anayeondoka. Moja nikaliacha kama lilivyo. La pili nikamkimbizia Dobi nikamwambia alitie maji ya uvuguvugu tu, asiliguse kwa hasira, kisha alikaushe juu ya bomba la moto. Joho la tatu la dada huyo nilikuwa nalo tayari, lile la Mama Mikate lililochemshwa jana, ambalo sasa lilikuwa kimo cha Muuguzi.

Alhamisi asubuhi waigizaji walikuja kubadilishana nguo. La mwizi mwenye mvi likaenda kwa msichana wa duka la dawa, la Wino mwenyewe likawa lile la Kinyozi. Aliyebanwa kwapani nikamfumulia mshono na kumwekea kipande. Muuguzi alisoma karatasi ya mwisho mpya, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi.

"Mbona sina maneno?"

"Huna," Wino alisema. "Unavaa tu."

Saa kumi ukumbi ulikuwa na watu kama sitini. Nilikaa nyuma, karibu na mlango, ili nihesabu wanaotoka. Sehemu ya kwanza, Mama Mikate alitundika joho lake kubwa mlangoni pa nyumba akamwambia mdogo wake, "Litoe nje kila msimu wa mvua, nitalijua kutoka mbali," akaenda zake. Watu walikohoa. Mtoto aliomba biskuti. Mzee mmoja wa benchi la katikati alisimama, nikasema huyo, ameanza, sasa watamfuata. Mzee akasogea polepole kati ya magoti ya watu hadi benchi la mbele kabisa, akakaa, akaweka kofia yake mapajani.

Sehemu ya pili, miaka imepita. Nyumba ile ile, mlango ule ule, na kwenye msumari limetundikwa joho lile la uvuguvugu. Hakuna aliyesema chochote jukwaani kuhusu joho. Muuguzi alilitoa nje kwenye mvua (mvua ilikuwa Mwizi akitikisa mchele kwenye sinia nyuma ya pazia), akalirudisha, akalitundika. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alimgusa mwenzake. "Linapungua," alinong'ona. "Umeona? Lile joho linapungua."

"Mvua," mwenzake akajibu, kama anayeishi huko.

Sehemu ya tatu Muuguzi alitoka nje peke yake. Alitazama njia ya mlimani, hakuna mtu. Akageuka kuingia ndani, bega lake likagusana na joho lililotundikwa, na akasimama, kwa sababu sasa lilikuwa linalingana naye bega kwa bega. Alilitoa kwenye msumari. Aliingiza mkono mmoja. Aliingiza wa pili. Akafunga vifungo, kimoja kimoja, kuanzia chini hadi shingoni, akanyoosha mikono mbele kuangalia, na mikono ya joho ikaishia pale pale inapotakiwa kuishia.

"Limekutosha, mwanangu!" sauti ya mwanamke ikatoka nyuma. "Nenda!"

"Nenda!" mzee wa benchi la mbele akaitikia, amesimama, kofia imeanguka. Watu wakaanza kumwambia njia, eti apite kushoto kwa mlinzi, asiogope ukungu, joho hilo haliingizi maji. Muuguzi aliangalia mlima, akatembea, akapita mbele ya Kinyozi, akatoka. Wala hatukujua kama atamkuta dada yake, na hakuna aliyeuliza. Nilipogeuka kuhesabu waliotoka, nilikuta mlango uliokuwa karibu nami umezibwa na watu waliokuja kusimama.

Mwalimu alimfuata Wino hadi nyuma ya jukwaa. Alikuwa amevua miwani tena, nikajiandaa kumvaa mtu mzima.

"Ukungu huo," alisema, "unatoka mashariki au magharibi ya mlima? Hukuandika. Kama mvua ni miezi tisa, lazima upande wa pili ni mkavu. Sasa huko upande wa pili wanavaa nini?"

Wino akapapasa mfukoni mwa joho la Kinyozi akitafuta kalamu. Ndivyo tulivyojua mwizi amestaafu.

Jumapili asubuhi nilikuwa nafagia nyuzi aliposimama mlangoni mwa chumba cha kazi. Safari hii hakuangalia upande mwingine. Alinyoosha mkono akaliteremsha gauni la mama yake, na mfuko wake wa nailoni na vumbi lake, akaliweka juu ya meza ya kukatia.

"Mama mdogo, naomba unipunguzie."

Nililiroweka kwanza. Nililianika, nikalipiga pasi, tena nilifanya hivyo nikiwa nautazama ukuta wangu. Jioni akalivaa, akasimama mbele ya kioo, nami nikapita pembeni na pini. Mabega yalikuwa mapana, kiuno kilikuwa kipana. Fundi akipunguza, kitambaa kinachozidi anakikata, mshono ukae safi. Sikukata. Nilikikunja chote ndani, inchi mbili kila upande, nikashona kwa mishono mirefu inayofumuka kwa kuvuta uzi mmoja.

Wino akapapasa ubavuni. "Mbona umekiacha?"

"Utakua."

"Nina miaka ishirini na tatu."

"Dada yangu alikuwa hivyo hivyo. Simama wima, nisikuchome."

Akasimama wima. Akajiangalia kwenye kioo, mbele, kisha ubavuni, kisha akapandisha mkono kuunyoosha ukosi, na kidole chake kikaacha doa la buluu kwenye kitambaa nilichotoka kukifua. Akashtuka, akaninyooshea mikono yote miwili kama mtu aliyekamatwa, akisubiri nimpasukie, kwa sababu ananijua.

Nikaangalia vidole vyake. Vilikuwa vichafu hadi kwenye fundo la pili.

Sabuni ya kutoa wino ninayo, tena nzuri. Ipo kwenye droo ya cherehani, na sikuitoa.